Tishu ya Wifi (Sehemu ya Tano)

Mlioniacha kwenye benchi la kliniki wiki jana, sijainuka. Na wewe uliyepotea njia, au uliyefungia vitumbua gazeti kabla ya kulisoma, nitakurudisha kwa maneno machache.

Mimi ni muuza vipodozi. Miaka minane nimesimama nyuma ya kaunta moja, kushoto rafu ya sabuni za uso, kulia rafu ya losheni. Wateja wamenibatiza Dokta wa Kaunta. Udaktari wenyewe niliusomea siku tatu kwenye ukumbi wa kukodi, na siku ya tatu tulifunga saa sita mchana. Lakini jina zuri ukipewa unalivaa tu.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ni mwalimu wa chekechea. Alitokwa na vipele vitatu kidevuni, akaniomba nimchagulie vitu vya kupaka. Nikamchagulia vitatu kwa mpigo: sabuni ya povu, maji ya kufutia uso na krimu ya kukausha mafuta. Baada ya siku sita uso wake ulivimba na kuchubuka. Watoto wa darasa lake walipomwona walilia, wakamkimbilia mpishi. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole akae nyumbani mpaka apone. Hakumwambia nafasi yake atamshikia mpaka lini.

Hayo mnayajua. Ambalo nimewaficha kwa sehemu nne nzima ni hili.

Siku sita zile wifi alikuwa ananiandikia kwenye simu kwamba uso unawaka. Na mimi nilimjibu. Nilikuwa na wateja watano mbele yangu, naandika kwa kidole gumba huku mkono mwingine unamrudishia mtu chenji. Nilichoandika nakijua kwa moyo: "Usiache. Kuwaka ndiyo dalili dawa inafanya kazi. Endelea hivyo hivyo."

Sasa daktari wa ngozi, mama mwenye miwani mizito, alikuwa amemshika wifi kidevu na kumgeuzia dirishani. Mume wangu, ambaye mji mzima unamwita Fundi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mkoba nimeukumbatia.

Daktari akauliza: "Nani alikwambia uendelee kupaka wakati ngozi inawaka?"

Wifi aliyageuza macho yake upande wangu. Yalikuwa yamevimba, yamebaki mistari miwili tu. Nikajua yamekwisha.

"Hakuna," akasema. "Nilijiamulia."

"Mwalimu mzima? Uso unaungua, wewe unaongeza?"

"Nilitaka vipele viishe upesi."

Daktari akatikisa kichwa. Akasema ngozi ya wifi ni kavu, tena ni nyeti, na vile vitu vitatu vimetengenezwa kwa ngozi inayotoka mafuta. Ngozi kavu ukiipaka vile unaivua. Siku ya kwanza angeacha, ingebaki na wekundu kidogo tu. Lakini siku sita.

"Alama zitabaki?" Fundi akauliza.

"Tutajua baada ya wiki tatu. Maji ya uvuguvugu, dawa niliyoandika, na jua asilione. Kingine chochote kisiguse uso huu."

Kwenye korido Fundi alitangulia kwenye dirisha la dawa. Nikamshika wifi mkono.

"Wifi, kwa nini umesema vile?"

"Ningesema nini? Kaka alikuwa amesimama pale." Alizungumza bila kufungua mdomo vizuri, maana pembe za midomo zilikuwa zimepasuka. "Mwambie mwenyewe. Nyumbani, kwa utulivu. Ukimwambia wewe atakusamehe. Akijua kwa njia nyingine, simjui atakavyokuwa."

"Nitamwambia leo."

"Haya, wifi. Mimi nimeshanyamaza."

Sikumwambia siku hiyo. Nilimkuta anakula, nikasema ale kwanza. Akamaliza, nikasema apumzike. Akapumzika, nikafuta ule ujumbe kwenye simu yangu, kana kwamba na wa wifi ungejifuta huko uliko. Mwoga hakosi shughuli.

Wapo wasomaji walioniandikia kupitia gazeti wakiniuliza ngozi zao zipakwe nini. Jamani, na haya yote mliyoyasoma bado mnaniuliza mimi?

Jumanne bosi aliniita ofisini, kachumba kadogo nyuma ya duka ambako maboksi yana nafasi kuliko watu. Bosi wangu ni mwanamke wa maneno machache. Akifunga mlango ujue una kesi.

"Leta bahasha ya wifi yako," akasema.

Nieleze. Duka letu lina utaratibu ambao niliuanzisha mimi, na nilikuwa naringa nao. Mteja asiyeijua ngozi yake nampa tishu. Asubuhi anaosha uso kwa sabuni laini, hapaki kitu, anakaa saa nzima. Kisha anabandika ile tishu kipajini, puani, mashavuni na kidevuni, anaikunja na kuniletea kwenye bahasha. Mimi naiinua kwenye mwanga. Ikilowa kote, ngozi ya mafuta. Ikilowa katikati tu, kipaji na pua, ngozi mchanganyiko. Ikitoka kavu, na mtu akasema uso unambana, ngozi kavu. Nilikuwa nawaambia wateja: mdomo wako unaweza kukosea, tishu haidanganyi. Walikuwa wanacheka na kulipa.

Tishu ya wifi aliileta Fundi. Kila Ijumaa anapita kwa dada yake kula naye mchana, na wifi akampa. Aliniletea kaunta kwa mikono miwili, kama cheti. Nikaiinua, nikaona imelowa, nikasema mafuta.

Bosi aliitoa kwenye bahasha, akaifungua juu ya meza, kisha akaibandika kwenye kioo cha dirisha.

"Dokta, hebu njoo. Kipaji kinakaa wapi hapa?"

"Hapo juu katikati."

"Pakavu. Pua?"

"Hapo chini yake."

"Pakavu. Sasa huyu wifi yako mafuta yanamtokea wapi, masikioni?"

Nikasogea. Mafuta yalikuwepo, lakini yalikuwa pembeni. Madoa manne upande mmoja, mviringo mviringo, yamejipanga. Upande wa pili doa moja, kubwa zaidi. Kule uso ulikogusa, tishu ilikuwa kavu kabisa.

Vidole vinne na gumba.

Niliing'oa kwenye kioo nikainusa. Harufu ile naijua. Ndiyo harufu ya mto wangu wa kulalia, ya mashati ninayofua, ya mlango wa nyumba yetu. Mafuta ya cherehani. Mume wangu ni fundi wa cherehani, na aliikunja tishu ya dada yake vizuri, kwa upendo, kwa mikono iliyotoka kazini.

Nilichosoma kwenye tishu ile kilikuwa mkono wa kaka mtu.

Sasa nitasema neno ambalo kulisema ni aibu. Nilifurahi. Nilihisi mtu amenishusha gunia mgongoni. Siku nne nilikuwa sili, na pale pale, kwenye kachumba ka maboksi, nikahisi njaa. Nikamweleza bosi mafuta yale ni ya mikono ya nani.

"Basi si duka," bosi akasema. "Wala si dawa. Mwambie mumeo."

"Nitamwambia."

Nikashika kitasa. Akaniita.

"Dokta. Hukumwuliza asubuhi ngozi inambana?"

"Tishu ilionyesha..."

"Sijaiuliza tishu."

Sikumwuliza. Swali moja tu, ambalo namwuliza kila mteja. Wala sikumwambia ajaribu kwanza kidogo chini ya taya, asubiri siku mbili tatu. Wala sikumwambia aanze na kimoja. Wifi ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani nilimpa huduma ya haraka haraka.

Nilifungua mlango nikatoka. Mchana ule ule nikaenda karakana.

Karakana ya Fundi ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Cherehani zilizopona zinakaa kulia, wagonjwa kushoto. Nilimkuta amepindua moja miguu juu, anaidondoshea mafuta tone kwa tone kutoka kwenye kopo lenye mdomo mrefu. Mshonaji mwenye cherehani yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anasubiri, maana ana sare za shule za kumaliza.

"Mke wangu, saa hizi? Kuna nini? Mdogo wangu?"

"Hajambo. Nimekuja na hii."

Nikamfungulia tishu. Nikamwonyesha katikati pakavu. Nikamwonyesha madoa. Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya tishu bila kugusa, na vidole vyake vikakaa mahali pake.

Aliitazama tishu. Akautazama mkono. Akageuza kiganja.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Msomaji, nafasi ilikuwa hiyo. Ningesema, hapana, Fundi, tishu ni wewe, siku sita ni mimi. Maneno mepesi tu. Daktari mwenyewe alishasema, siku ya kwanza angeacha ingebaki na wekundu tu. Mshonaji alikuwa ananitazama.

"Hukujua," nikasema.

"Nilinawa. Naapa nilinawa kabla ya kula kwake."

"Mafuta ya cherehani hayatoki kwa maji."

"Ni mimi," akarudia, kama anayejifunza neno.

Aliweka kopo chini. Akachukua sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria, akatoka kwenda kwenye bomba la nje. Alijisugua vidole kimoja kimoja, akarudia, akarudia tena. Mshonaji akainuka kwenye kigoda.

"Fundi, na cherehani yangu?"

"Nenda kwa jirani."

"Jirani haiwezi hii, unajua."

"Mimi ndiye siiwezi," akasema. Povu lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

Jumatano hakufungua karakana. Miaka kumi na tano tangu tuoane sijawahi kuona Jumatano ya namna hiyo. Alikaa kitandani amevaa, mikono ameiweka magotini, viganja juu. Nilimpelekea chakula, akakila kwa kijiko, hata mkate akaukata kwa kijiko.

"Unajua nilimlea mimi," akasema.

"Najua."

"Alikuwa na miaka minne mama alipotutoka. Nilikuwa namwosha uso kila asubuhi. Kwa mikono hii."

"Fundi, usijitese."

"Nani ajitese, wewe? Umefanya nini wewe?"

Hapo tena nafasi. Ilikaa mbele yangu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Nikachukua sahani nikaenda kuiosha.

Jioni jirani yake wa karakana alikuja kunishukuru. Nikamwuliza kwa lipi. Akasema tangu jana Fundi amempa bisibisi zake zote, koleo na lile kopo lenye mdomo mrefu. Amemwambia achukue na wateja.

"Amepata kazi nyingine?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Uongo nao ukishauzoea unatoka wenyewe.

Usiku ule nilijiapia nitasema asubuhi. Asubuhi, ambayo ni Alhamisi, Fundi aliamka kabla yangu. Alikuwa amevaa shati la harusi za watu.

"Twende kwa mdogo wangu," akasema. "Nikamwombe radhi."

"Leo?"

"Ulitaka nimwombe lini?"

Tulitembea. Njiani nilianza mara tatu. Mara ya kwanza likapita gari la maji. Mara ya pili akanisalimia mteja, "Dokta, ile losheni imeniweza kweli." Mara ya tatu hakukuwa na chochote cha kunizuia, na bado sikusema.

Chumba cha wifi ni kimoja, chenye pazia katikati. Ukutani zimebandikwa picha ambazo watoto wa darasa lake humchorea, mwalimu mwenye kichwa kikubwa na tabasamu la sikio hadi sikio. Kioo alikuwa amekigeuza kikatazama ukuta. Kwenye stuli palikuwa na bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa. Uvimbe ulikuwa umepungua kidogo, lakini mashavu yalikuwa yanatoka magamba, na chini yake ngozi mbichi ya rangi nyingine.

Alituona akajaribu kutabasamu. Tabasamu likaishia njiani kwa maumivu.

Fundi hakukaa. Alipiga magoti mbele ya dada yake, mtu mzima na shati lake la heshima, akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimechubuka, vifundo vina vidonda.

"Mdogo wangu, ni mimi niliyekuunguza."

"Kaka, inuka. Unasema nini?"

"Ile tishu yako. Niliishika kwa mikono ya mafuta. Mke wangu akadhani ni mafuta ya uso wako. Ni mimi. Kazi nimeacha. Mikono hii haitashika tena cherehani."

Wifi aliishika ile mikono. Akavitazama vidonda, kimoja kimoja, kwa yale macho yake membamba. Kisha akainua uso, akanitazama mimi niliyebaki mlangoni.

"Nani kakwambia ni wewe?"

"Mke wangu. Aliona alama za vidole vyangu."

"Akakwambia hivyo tu?"

"Kuna kingine?"

Wifi alikuwa bado ananitazama mimi. Alinisubiri. Nataka mjue kwamba alinisubiri. Hakuwa na haraka, hakuwa na hasira, alinisubiri kama anavyowasubiri watoto wake watamke herufi. Nilisikia jirani upande wa pili wa ukuta anakohoa, akamaliza, akaanza tena.

Nikafungua mdomo.

"Maji yamepoa," nikasema. "Niyabadilishe."

Nikalichukua bakuli. Maji yakanimwagikia miguuni.

"Weka chini, wifi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. "Nilinyamaza kwa daktari kwa ajili yako. Nilijua utasema. Sikujua utamtafuta mwingine wa kumtwika."

Fundi aligeuza kichwa, kwangu, kwake, kwangu tena.

"Mnazungumza nini?"

Wifi alivuta mto, akatoa simu chini yake, akaibonyeza bonyeza akiwa ameisogeza karibu na pua. Akampa kaka yake.

"Kaka, nisomee. Macho yangu bado hayaoni maandishi."

"Nisome nini?"

"Anza hapo. Jumapili."

Fundi alitafuta miwani mfukoni, ile yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi wa cherehani. Akaivaa. Kidole chake kilichochubuka kiligusa kioo cha simu, kikakwaruza. Fundi ni msomaji wa pole pole. Kwanza midomo inapita juu ya maneno bila sauti, kisha ndiyo anasoma kwa nguvu.

"'Wifi, habari za kazi. Leo nimeanza vile vitu. Uso unawaka sana, na tangu zamani asubuhi ngozi hunibana. Niache?'"

Akainua macho. "Hii uliandika wewe?"

"Mimi. Soma na jibu."

Nilisema, "Fundi." Nilisema kwa sauti ndogo mno, sidhani kama ilifika. Nikasema tena, "Fundi, ngoja, mimi ndiye nilitaka..."

Alininyooshea kiganja, kile kile chenye vidonda, kunizuia. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kupita juu ya mstari wa pili. Niliiona inatamka neno la kwanza. Niliiona inatamka la pili, ikasimama.

Alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akausoma mstari ule upya tangu mwanzo, kama mtu anayedhani ameruka neno.

Jina langu lilikuwa pale juu. Namba yangu anaijua kuliko yake.

Kisha akanitazama, bado amepiga magoti, simu mkononi.

"Mke wangu," akaniuliza, "huyu ni nani aliyemjibu?"